Sahihi Niliyomwekea Kondo

Nimekuwa karani wa mizigo katika shamba la mkonge nje ya Kilosa kwa miaka kumi na tisa, na kwa mwandiko hakuna aliyenifikia. Nasema hivyo mapema kwa sababu ni mwandiko huo ulioniaibisha.

Mimi ni Mnyamwezi. Baba alishuka kutoka Tabora kuja kukata mkonge, nami nikasoma kwa wamisheni mpaka nikapewa kalamu badala ya panga. Mtani wangu alikuwa Kondo, Msagara, mkata mkonge. Aliniita mpagazi hata mbele ya meneja. Mimi niliingia uani kwake, nikakamata kuku na kuondoka naye, na mkewe Joha akacheka tu. Mama yangu alipofariki, Kondo ndiye aliyeingia kaburini kumpokea, huku akimwambia aache kujifanya mzito. Tulicheka huku tunalia.

Mwaka 1953 alikuja Mzungu mmoja, mtafiti wa mambo ya kale, akachimba kilimani nyuma ya shamba, mahali palipofuliwa chuma zamani. Alitaka udongo ule ukapimwe London. Lakini udongo wa kwetu haukuingia Uingereza hivi hivi. Waliogopa wadudu na magonjwa ya mimea. Ilibidi ukaushwe, ufungwe sandukuni, juu ubandikwe kibali chenye namba na kupigwa lakiri ya nta. Lakiri ikivunjwa njiani, shehena nzima huchomwa moto. Kazi hiyo nilipewa mimi, kichwa kikanivimba.

Sanduku la tisa lilikuwa na mifupa ya mtu. Fomu ya kibali iliuliza: je, ndugu zake wameridhia? Mtafiti akaniambia nikawaulize. Nani asiyejua kwamba yule ni bibi yake Kondo, aliyezikwa pale kabla ya mkonge kupandwa? Ila Kondo alikuwa Mikumi, kwenye msiba wa mkwewe, na masanduku yalitakiwa kuondoka Ijumaa. Nikajiambia: kuku wake nachukua bila kuuliza, sembuse sahihi? Nikaandika kwamba ndugu wameridhia, nikatia jina la Kondo kwa mwandiko mzuri kuliko wake. Nilicheka peke yangu pale mezani. Naona haya hata kuandika kwamba nilicheka.

Ijumaa Kondo alirudi, akapita kilimani, akaliona shimo, na wachimbaji wakamwambia kwamba yeye mwenyewe ametia sahihi. Alinikuta stesheni ya Kilosa, jasho linamtoka, mkononi ana kipande cha bafta nyeupe ya sanda.

"Mpagazi, bibi yangu yuko sanduku lipi?"

Nilimwonyesha. Akaweka kiganja juu ya kifuniko.

"Mzungu hatamrudisha, najua. Na wewe sitakutukana, wewe ni mtani. Lakini mtani ndiye anayezika. Fungua, umfunike na nguo hii, halafu aende."

Ilikuwa haki yake kudai na wajibu wangu kutenda. Misumari minne tu. Nikaitazama lakiri nyekundu, nikayaona masanduku yote yakiteketea, nikamwona meneja akininyang'anya kalamu na kunirudishia panga la baba.

"Siwezi, Kondo. Nikifungua, kibali kimekufa."

"Kibali," alisema.

Akaikunja ile bafta mara mbili, akaitia mfukoni. Wapakizi wakabeba sanduku la tisa na kuliingiza behewani pamoja na mengine, nami nikatia alama kwenye orodha yangu.

Nyumbani nilingoja matusi yake. Niliyataka. Angekuja kunivunjia chungu cha maji, au kunitangaza kambi nzima kuwa nimeuza bibi wa watu, ningempikia na chakula.

Jumatatu asubuhi nilimkuta njiani akielekea mkongeni na wenzake. Nikasimama. Yeye naye akasimama kando ya njia, akavua kofia, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, bwana karani," akasema.

Mimi na Kondo ni rika moja, tulitahiriwa mwaka mmoja. Wenzake walikuwa wakisikiliza, wakingoja niitikie marahaba.