Ngamia Wasiohesabiwa

Harufu ya gundi ya unga wa ngano inaponifikia hata leo, mwili huchoka kabla sijajua kwa nini. Ndiyo iliyokuwa harufu ya nyumba yetu ya mtaa wa Wabera, mjini Isiolo, mwanzoni mwa miaka ya themanini, msimu ule wa upepo na vumbi ambao hooyo alikuwa akitengeneza kitabu chake cha pili. Hooyo ndivyo tulivyomwita mama, sisi wajukuu wa askari wa Kisomali walioletwa huku na Mwingereza wakasahaulika. Asubuhi alifundisha chekechea, mchana alipika na kufua, na alasiri aliketi mkekani akachora huku akipiga miayo, macho mekundu kama ya mchoma makaa. Kurasa zake zilikuwa vipande vya maboksi ya majani ya chai, vilivyobandikwa viwili viwili kwa gundi hiyo na kuanikwa uani. Kazi yangu ilikuwa kuwafukuza mbuzi wa majirani, maana mbuzi hamjui mwandishi wala mwalimu, anajua unga tu. Nilikuwa msichana wa miaka tisa, na nilivichukia vitabu vyote duniani.

Kitabu chake cha kwanza, cha kuku aliyekataa kulala bandani, kilikuwa kimechapishwa na kampuni moja ya Nairobi. Jina lake lilikuwa kwenye jalada, na kila Ijumaa alilipangusa vumbi kwa pindo la shuka. Sasa kampuni hiyo ilitaka kitabu cha picha cha kuwafundisha watoto wa nchi kame kuhesabu: ngamia mmoja, ngamia wawili, mpaka kumi. Kikiwapendeza, wangempa kazi nyingine. Hooyo alikitaka kitabu hicho kuliko nilivyowahi kumwona akitaka kitu. Alichoka kuitwa mwalimu wa chekechea aliyebahatika mara moja.

Likizo ya Agosti ilipofika, baba alikuwa akipeleka sukari na unga Sericho, kwa wafugaji wa ngamia, kwa lori lake, nasi tukapanda. Hooyo alitaka kukijaribu kitabu kwa watoto wenye ngamia. Tulifikia kwa Dhahabo, mama mrefu mwenye sauti ya chini, mke wa mfugaji mmoja Mborana aliyekuwa mteja wa baba. Baada ya salamu na chai ya maziwa yenye harufu ya moshi, watoto walikusanywa kivulini. Hooyo akafungua ukurasa, akaelekeza kidole. "Haya, tuhesabu pamoja! Ngamia mmoja, ngamia wawili..." Hakuna aliyemfuata. Mvulana mmoja alijiziba mdomo. Wanawake wakatazama chini. Hooyo, mtoto wa mjini ambaye maziwa aliyajulia kwenye chupa, akadhani hawakusikia, akaanza upya kwa sauti kubwa zaidi. Hapo Dhahabo akamshika mkono polepole. "Mwalimu, sisi hapana hesabu mali. Ukihesabu, inaisha. Kunywa chai kwanza." Hakuna aliyemkemea, na hilo ndilo lililomuumiza. Alikunja kurasa zake akanywa chai ile yote bila kuinua uso. Nami nilimwonea huruma mpaka nikawasamehe mbuzi.

Jioni ngamia walirudi. Dhahabo alisimama kwenye mlango wa zizi akawaangalia wakipita, kimya, midomo haitikisiki. Wa mwisho alipoingia, alisema tu, "Dimtu hajakuja," yaani yule jike mwekundu. Mwanawe akageuka pale pale kwenda kumtafuta. Hooyo alimtazama yule mama kwa muda mrefu, kisha akaniambia nilete rangi. Kupotea njia ndiyo kujua njia. Siku zote tulizobaki Sericho alichora kundi lile, kila ngamia kwa rangi yake, mwenye sikio lililochanika, mwenye ndama mkorofi, na kila ukurasa uliuliza swali moja tu: nani hajarudi? Ukurasa wa mwisho Dimtu aliingia zizini. Watoto waliokataa kuhesabu sasa walipigania kukishika, wakiita majina kabla hooyo hajafungua.

Tuliporudi Isiolo hooyo alikituma Nairobi, na kampuni haikugombana naye. Ilijibu kwa upole kwamba picha ni nzuri sana, na kwamba wao wenyewe wangeweka namba kubwa kwenye pembe ya kila ukurasa. Baba akasema, "Wacha waweke, mama watoto, yaishe. Nani wa Sericho ataona?" Hooyo akajibu, "Dhahabo ataona." Akakataa, akaomba kurasa zake zirudishwe. Aliporudi kutoka posta alilala mkekani mchana kutwa na viatu miguuni, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Kurasa zilirudi, lakini hawakumwandikia tena. Ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini. Naye alirudi chekechea, akawabandikia watoto wake vitabu vya maboksi mpaka alipostaafu, na hakuna jalada jingine lililobeba jina lake.

Miaka michache baadaye ukame ulipita Sericho ukafagia mifugo, hata ngamia. Dhahabo alikuja kuishi nyuma ya soko letu, akiuza maziwa ya mifugo ya watu. Siku hizi wageni wenye magari huja baada ya kila ukame kuuliza ni mifugo mingapi imekufa, na wazee huwatajia idadi, maana asiyetaja hapati unga wa msaada. Nimechoka kulisikia hilo.

Juzi nilimkuta hooyo kitandani, macho yake yamefifia, mjukuu wangu kando yake amepakata kile kitabu cha ngamia kilichotafunwa pembe na mbuzi. Mtoto alikuwa akipitisha kidole juu ya ngamia: moja, mbili, tatu. Nikanyoosha mkono nimzuie.

"Mwache ahesabu," hooyo akasema. "Wamebaki hawa tu."