Siku Nilipopima Matobolwa ya Bibi

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ni Ijumaa moja ya likizo kijijini kwetu, karibu na Usinge, akina mama wa jirani walipokusanyika uani kwa bibi yangu kumenya viazi. Nilikuwa kidato cha tatu, nasoma bweni Tabora mjini, na nilijiona nimemaliza kusoma.

Nakucheka nikikuona leo unavyojisifu na baolojia yako, maana mambo ni yale yale. Sisi pia tulichemsha maji ya embe na dawa ya buluu ya Benedikti mpaka ikageuka rangi ya tofali, tukajua kuna sukari. Tulitia kostiki soda na matone ya mrututu kwenye ute wa yai, ukawa zambarau, tukajua kuna protini. Tulisugua karanga kwenye karatasi, likabaki doa linalopitisha mwanga, nayo ndiyo mafuta. Lakini niliyoipenda ni iodini, kwa sababu haitaki moto wala kusubiri. Unadondosha tone la kahawia juu ya kiazi, na papo hapo linakuwa buluu iliyokolea mpaka unasema ni nyeusi. Mwalimu alinipa kidogo ndani ya kichupa, nikapanda nacho treni kama mtu aliyebeba dhahabu.

Bibi Kabula ndiye aliyenilea. Alikuwa bingwa wa matobolwa, vile viazi vitamu vinavyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa juani mpaka vikawa vigumu na vitamu zaidi. Ungo wake ulikaa karibu na mlango, na hakuna mtoto aliyepita pale akaondoka mikono mitupu. Nimekula vingi tangu wakati ule, mpaka vya hotelini, na mdomo wangu bado unautafuta utamu ule. Siupati.

Basi Ijumaa hiyo nikatoa kichupa changu. Shuleni tulifundishwa kwa Kiingereza, nikajiona mwema kuwatafsiria akina mama wale. Nikachukua tobolwa moja kutoka kwenye ungo wa bibi, nikadondosha tone, likawa jeusi. Nikaliinua juu.

"Mmeona? Wanga! Chakula cha bibi kimejaa wanga!"

Vicheko vikakatika. Wewe umelizoea neno hilo, unalikuta hata kwenye mabango ya zahanati. Kwetu siku zile wanga walikuwa watu. Walikuwa wale wanaotembea uchi usiku na kuua watoto wa wenzao. Na pale kwenye mkeka alikaa Mama Shija, jirani yetu, ambaye masika yale alimzika mtoto wake mdogo kwa homa. Mtoto huyo alikuwa hakauki mlangoni kwa bibi.

Mama Shija aliweka kisu chini, akajifunga kanga yake vizuri, akaondoka bila kuaga.

Kufikia jioni maneno yalikuwa yameenea kila nyumba: mjukuu wake mwenyewe, msomi, kapima kwa dawa ya Serikali, ikawa nyeusi tii. Unajua wazee wa kike wanavyofanywa huku kwetu wakishatajwa kwa uchawi. Bibi alijua kuliko mimi. Usiku huo aliweka gogo nyuma ya mlango, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya.

Asubuhi nikaenda mwenyewe kwa Mama Shija kurekebisha mambo. Nikamwambia wanga ni kitu cha kawaida, hata kwake kimo. Kabla hajajibu, nikadondosha iodini kwenye ugali wake wa muhogo. Ukawa mweusi. Alipiga ukelele, akaubeba ugali na chungu chake akautupa nje.

"Umewahamishia kwangu!" alisema. "Hamkutosheka na mtoto mmoja?"

Nikakimbia kwa Mzee Yohana, mzee wa kanisa letu la Moraviani. Nikamweleza yote nikilia, na bado nikamwomba aitishe watu nipime chakula cha kila nyumba, waone kwamba kipo kote.

"Hicho kichupa kiweke chini," akasema. "Unavyozidi kupima ndivyo unavyozidi kumzika bibi yako."

Kisha akaniuliza polepole, "Nyamizi, tangu ushuke kwenye treni, umekwenda kumpa pole yule mama?"

Sikuwa nimekwenda. Mtoto niliyecheza naye, niliyembeba mgongoni, alikufa nikiwa shule, nami nilirudi nikapita mlangoni kwao na kichupa mfukoni.

"Mfiwa hakuulizi chakula kina nini," akasema. "Anauliza mwanangu kafa na nini. Wewe umemjibu hilo bila kujua unajibu."

Sijawahi kuchapwa fimbo iliyoniuma kama maneno yale.

Nilikwenda, safari hii mikono mitupu. Nilisema shikamoo, nikaketi chini, nikatoa pole. Mama Shija alilia, nami nikalia, akanisimulia homa ile ilivyomchukua mtoto. Baadaye nikamweleza kwamba kile nilichokiita wanga ni ile nguvu ya unga inayotushibisha, na walimu ndio walioipa jina hilo. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nimekuelewa, mwanangu, na nakuamini," akasema. "Ila mkono wangu haukubali tena kupokea chakula kwa bibi yako."

Jumapili Mzee Yohana alisimama baada ya ibada, akaeleza, akala matobolwa ya bibi mbele ya watu wote. Wengi walicheka kwa aibu, wakarudi kusalimia. Lile gogo likatoka mlangoni. Nikadhani yameisha.

Hayakuisha. Watoto walikuwa wakija mbio kama zamani, na kabla hawajaufikia ungo, sauti ya mama fulani inaita kutoka nyuma ya nyumba: njoo hapa! Hakuna aliyemtukana bibi. Waliita watoto wao tu. Bibi alikaa na ungo wake umejaa mpaka jua linazama, na ndipo alipomtumia kaka yake ujumbe kule Igunga aje amchukue.

"Nimechoka kusikia watoto wakiitwa," aliniambia. Hakunigombeza, na hilo ndilo linalonitesa mpaka leo.

Igunga waliishi naye vizuri. Nilimtembelea mara chache, na kila mara aliniuliza habari za watoto wa kwetu, mmoja mmoja kwa jina, hata waliokwisha kuoa. Alifia huko, akazikwa huko, kati ya majirani ambao hawakumjua ujanani mwake. Nikipita leo pale palipokuwa uani kwetu nakuta shamba la tumbaku la mtu, na natamani kuketi naye japo kidogo tu, nimenye viazi, nisiseme kitu.

Basi sikiliza, mwanangu. Soma hivyo vipimo uvijue vyote, sikukatazi, maana ukweli niliousema siku ile ulikuwa ukweli. Lakini ukifika kwa watu, anza na salamu, anza na pole, ujue nani kaketi pale na moyoni ana nini. Halafu ndipo ufungue mdomo, na neno la shuleni ulivunje kwanza, uwape kile wanachokijua. Ukiona hawakuelewi, usiongeze sauti. Kaa chini nao.

Mungu akubariki na elimu yako. Akupe ulimi usiomfukuza mtu kwake. Na akujalie uzeeke mahali ambapo watoto wa jirani watakula mkononi mwako, na mama zao wasiwaite.