Tumbawe la Sebuleni kwa Kinyozi

Kinyozi alifuga viumbe wa baharini kwenye tangi la kioo sebuleni kwake. Matumbawe matatu yalishakufa, na la mwisho lilikuwa limejikunja wiki nzima. Kilichomvuruga akili ni kipimo: asubuhi chumvi imezidi, jioni imepungua.

"Hivi mwenye wazimu ni tangi au mimi?"

"Wewe," mkewe alimjibu huku akikunja nguo.

Mama mkwe akatoka jikoni na jagi, akamimina maji ya bomba ndani ya tangi, hana habari. "Yanakauka, baba. Kila mchana nawaongezea."

Mkewe akaziachia nguo. "Mama! Kumbe ni wewe? Mimi nikiona maji yamezidi, natia chumvi kabla ya kulala!"

Kinyozi akashika kiuno. Alikwisha kubadilisha pampu na taa, kumbe wachawi wake anakula nao meza moja! Akafungua mdomo awapige marufuku wote wawili. Hapo hapo tumbawe likaanza kukunjuka taratibu, likachanua mbele ya macho yao.

"Umeona, mkwe wangu? Lilikuwa na kiu tu."

Kinyozi akabaki hajui amnyang'anye jagi au amshukuru.