Ubao Wenye Mstari Mwekundu

Kazi yangu ilikuwa kupima tilapia, kutoka kinywa mpaka mkia. Si kazi ya kujisifia. Nilikuwa na ubao wa sentimeta, daftari, na mkubwa wa bureau, yaani ofisi ya uvuvi, aliyeanza kila sentensi kwa "donc", ile "kwa hiyo" ya Kifaransa, hata kabla hajajua anataka kusema nini. Ghuba moja ya Ziwa Edouard, mahali tilapia wanapotagia, ilikuwa imefungwa, kwa maana wavuvi walikuwa karibu kuwamaliza. Sisi tulipima wale waliovuliwa nje yake na kuletwa mjini Butembo. Wakiwa wakubwa, ghuba ingefunguliwa. Wakiwa wadogo, ingebaki imefungwa.

Kwenye ubao kulikuwa na mstari mwekundu. Samaki asiyeufikia ni samaki ambaye hajazaa bado.

Mojawapo ya meza nilizopimia, katika soko la Bulengera mjini humo, ilikuwa ya mama yangu mzazi. Mtu atasema kosa lilianzia hapo. Hapana, kosa letu lilikuwa kubwa kuliko undugu. Mwenye pikipiki aliyemletea samaki alikuwa amekwisha kumwambia waziwazi: zamani alileta mabeseni matatu, sasa analeta moja, na ghuba isipofunguliwa msimu huu, hilo moja atampa muuzaji mwingine mwenye wateja wengi zaidi. Mama alikuwa ameuza samaki pale tangu kabla sijazaliwa.

Wiki baada ya wiki, samaki wote niliowapima walipita mstari. "Donc, ziwa limepona!" mkubwa akasema. Nikafurahi, nisifiche.

Siku moja mvua ilitishia kisha ikaacha, nami nikafika sokoni mapema. Nikamkuta mama na jirani yake wameinama, wanachagua. Wakubwa juu ya meza. Wadogo ndani ya beseni, wamefunikwa majani ya ndizi, wanasukumwa chini ya meza kwa mguu. Hasira ikanipanda.

"Mama! Kumbe munanidanganya?"

"Kudanganya nini? Mugeni anakuya na daftari, na sisi tumuwekee samaki kidogo kidogo hii? Haya iko wapi? Bureau itasema bamama ba Bulengera banauzisha uchafu."

"Mie hapana mugeni!"

"Weye hapana. Mais daftari ni mugeni."

Ningependa iwe hila. Hila ningejua namna ya kuigombeza. Ilikuwa adabu tu, na kwa adabu hiyo ziwa zima lilikuwa limepona ndani ya daftari langu. Nikavuta beseni, nikatupa samaki mmoja juu ya ubao. Hakuufikia mstari hata kwa mbali.

"Huyu hajazaa hata mara moja," nikamwambia. "Mstari ni wa hiyo."

Akanitazama. Miezi yote ile sikuwahi kumweleza mstari ni wa nini, naye hakuwahi kuuliza. Nilijiona mjinga, na nilikuwa mjinga. Mama akachukua kisu, akampasua yule samaki, akatafuta mayai kwa kidole. Hakuna. Akapasua wa pili, wa tatu.

"Eeh, unaharibu mali!" jirani akalia.

"Bote beko babinti," mama akasema. "Tunauzisha babinti, kisha tunauliza bamama yao beko wapi."

Nikamwambia nikiandika hawa, ghuba haifunguliwi. Nasema ukweli: nilitamani aniambie nisiandike. Akafuta kisu pole pole.

"Andika. Bote."

"Na meza yako?"

"Meza ni mbao tu."

Nikaandika wote, mmoja mmoja. Ghuba ikabaki imefungwa. Pikipiki ikahamia kwa muuzaji mwingine, naye akaichukua na meza ya mama. Jirani akakaa muda mrefu bila kumsalimia mama. Mama akahamia upande wa pili wa soko, akaanza kuuza samaki wa frigo, wale wa bahari waliogandishwa wanaokuja ndani ya katoni, ambao maisha yake yote alikuwa akiwaita maiti. "Karibuni, maiti iko hapa!" akawa anawaita wateja. Walicheka, wakanunua. Mimi sikucheka sana.

Ghuba ilikuja kufunguliwa baadaye, mama akiwa bado na katoni zake. Asubuhi mabeseni ya kwanza yalipofika, nilikwenda na ubao wangu kwenye ile meza ya zamani. Mama akavuka soko, akasimama mbele yake kama mteja.

"Dada, uniachiliye nitie mukono," akamwomba mwenye meza.

Wale wa juu hakuwagusa. Akazamisha mkono ndani ya beseni mpaka kiwiko, akapapasa chini kabisa, akatoa samaki mmoja, akamlaza mwenyewe juu ya ubao. Mkia ulipita mstari mwekundu kwa upana wa kidole.

"Huyu ni mama," akasema. "Andika."

Akamrudisha samaki ndani ya beseni, kwa kuwa hakuwa wake, akafuta mkono kwenye kitenge na kurudi kwa katoni zake.