Najua Nani Anafagia Uwanja wa Jirani

Habari zenu humu. Mimi ni binti wa miaka kumi na nane, nimemaliza kidato cha nne, nipo nyumbani nasubiri matokeo. Nimemwomba admini afiche jina langu na la kijiji, aseme tu ni huku Katavi, nje ya Mpanda. Hata huyo nitakayemwita Mama Kulwa si jina lake. Mimi si mtu wa kuongea, hata darasani nikiulizwa swali nilikuwa natazama chini. Lakini hili limenikaa kifuani na sijamwambia mtu yeyote, hata mama yangu: najua nani anafagia uwanja wa Mama Kulwa alfajiri. Ni bibi yangu.

Mama Kulwa ni jirani yetu wa karibu. Tangu mavuno yaishe, wakiamka wanakuta uwanja wao umeshafagiwa, mistari ya fagio imenyooka, na juu yake hakuna unyayo hata mmoja. Mwanzoni walicheka. Kisha mtoto wao mchanga akashikwa na homa na degedege. Akapelekwa hospitali, akapata nafuu, akarudi nyumbani, ikaanza tena. Sasa hakuna anayecheka. Wanasema kuna mtu anafagia uhai wa mtoto, maana binadamu wa kawaida hawezi kufagia bila kukanyaga.

Nikisikia hivyo najifanya nina kazi nyingine, kwa sababu kufagia nilifundishwa na bibi. Yeye hufagia akirudi kinyumenyume, na fagio linafuta nyayo zake mwenyewe. "Usikanyage kazi yako," alikuwa akiniambia nikiwa mdogo, huku ananichapa miguuni na fagio na kucheka.

Nalala naye chumba kimoja. Asubuhi moja, kabla hakujapambazuka vizuri, niliona kitanda chake kitupu nikatoka kumtafuta. Nilimkuta kwa Mama Kulwa, ameinama, anafagia. Pale ndipo ilipokuwa nyumba yake ya kwanza, yeye na babu walipohamia huku na ng'ombe kutoka Shinyanga. Babu alipofariki sehemu ile ikauzwa. Nikamwita kwa kunong'ona. Aligeuka, akaweka fagio chini, akanipigia magoti. Bibi yangu, kunipigia magoti mimi!

"Mwangaluka mayu," alinisalimia kwa Kisukuma akiniita mama, kama mke aliyeolewa jana anavyomwamkia mama mkwe. "Nimechelewa kidogo tu. Msinirudishe kwetu."

Kwetu Wasukuma anayepiga magoti ni mdogo. Nikaitikia tu, "Mwangaluka," nikamshika mkono tukarudi nyumbani.

Kinachonichanganya ni kwamba mchana anakuwa mzima. Ananiita kwa jina langu, ananitania kwamba nitaolewa na mzee mwenye ng'ombe wengi na meno machache. Nikawa najidanganya kwamba ni uzee, utapita. Nikafunga mlango, akaufungua. Nikafunga ncha ya kanga yangu na ya kwake fundo moja, tukalala. Nilipoamka fundo lilikuwa limefunguliwa taratibu, na kanga yangu imekunjwa vizuri pembeni ya kichwa changu. Yeye alikuwa amesharudi, anaosha miguu.

Juzi nilikuwa bombani. Mama Kulwa akaniita mbele ya wanawake wote.

"Wewe msomi, dirisha lenu si linatazama kwangu? Hujamuona mtu?"

"Sijaona, mama."

"Miaka yote hiyo ya shule, mchawi anapita humuoni!"

Mwingine akadakia, "Mkimkamata mleteni kwangu kwanza, uwanja wangu una wiki nzima ni mchafu." Wakacheka wote isipokuwa Mama Kulwa. Akasema mumewe na shemeji zake wataanza kuvizia kabla jogoo hajawika, na marungu wanayo. Kisha akaniuliza polepole, bila kunitazama:

"Bibi yako macho bado ni mekundu?"

"Ni moshi wa jikoni, mama."

"Moshi," akasema. Akajitwisha ndoo akaondoka. Huku kwetu kikongwe mwenye macho mekundu huitwa mchawi.

Mama Kulwa si mtu mbaya. Ndiye aliyeniazima viatu siku ya mahafali. Anaogopa kufiwa tu. Ndiyo maana nashindwa. Nikisema ni bibi, na kwamba ni ugonjwa wa kusahau, watasikia lile neno la kwanza tu. Nikimpeleka ghafla kwa shangazi, kule mtaa wa Nsemulwa mjini, watasema amekimbia. Baba yupo mbali na ng'ombe, simu haishiki. Mama naye siku hizi anampakulia bibi pembeni, kwenye bakuli lake peke yake, na sijathubutu kumuuliza kwa nini. Nimefikiria hata kusema ni mimi ninayefagia. Lakini mimi nina sauti gani ya kusimama mbele ya wanaume wale?

Jana nililificha fagio letu. Leo jioni nimemkuta bibi amekaa nyuma ya jiko, ana rundo la vijiti mapajani, anafunga fagio jipya. Vidole vyake havitetemeki hata kidogo. Vyenyewe havijasahau kitu.

"Bibi, la nini hilo?"

Akanitazama kama ananiona kwa mara ya kwanza. "La kesho, mayu. Kesho sitachelewa."

Naandika haya nikiwa nimekaa mlangoni, yeye amelala. Usingizi nao unanijia. Nyie mliowahi kuishi na mzee wa namna hii, nishaurini, nianzie kwa nani? Nifanye nini ili asiuawe?

Na wewe uliyeko huku kwetu, ambaye umeshamtambua, najua upo. Mama Kulwa hana simu ya mtandao, lakini wewe unayo. Usiandike jina la bibi hapo chini, na usimnong'oneze hata dada yako. Ukimwambia mtu mmoja tu, kesho litafika bombani kabla ya ndoo yangu. Tafadhali, libaki kwako.