Baruti Haitaki Salamu

Mwenye bunduki alikuwa mzee wa Kisingasinga kutoka Nakuru, aliyehamia Tooting, London, na mkewe na binti yao mmoja. Mie ni Mzanzibari. Niliondoka Unguja miaka michache baada ya Mapinduzi, na wakati huo nilikuwa fundi wa gereji Woolwich. Alinijia siku moja kuomba vile vipande vya madini ya risasi tunavyobandika kwenye rimu kusawazisha magurudumu. Akanikuta naitukana boliti iliyogoma kufunguka, kwa Kiswahili cha kwetu kabisa. "Wewe kijana," akasema, "hiyo mdomo yako, mamako anajua?" Nilicheka mpaka spana ikanidondoka. Tangu hapo kila Jumamosi nikawa kwake.

Bunduki yenyewe ilikuwa ya marehemu baba yake, ile ya kukokiwa kwa mkono wa chuma ulio chini ya kifyatulio. Chuma cha enzi hizo hakistahimili risasi kali za dukani, kwa hiyo mzee alitengeneza zake mwenyewe, laini, za mwendo wa taratibu. Tuliyeyusha vile vipande vya gereji kwenye banda nyuma ya nyumba, mlango wazi ili moshi utoke, tukamimina kwenye kalibu, risasi zikatoka ziking'aa. Kisha baruti, na hapo mzee hakuwa na mchezo. Alianza na kipimo cha chini kabisa kwenye kitabu chake cha vipimo vya baruti. Tukapiga tano kwenye klabu yake ya kulenga shabaha, tukakagua maganda, tukaongeza chembe, tukapiga tano nyingine. Miezi tulikwenda hivyo. Mwanzo nilidhani mzee mwoga, kumbe anaihurumia bunduki ya baba yake. Tulipofikia kipimo kilichotia risasi zote kwenye duara la kisahani cha kikombe, akasema basi, hapa hapa.

Alikuwa na kanuni moja: wakati wa baruti hakuna kusema. Aliyasimamisha maganda yote kwenye ubao wenye matundu, akayatia baruti, akamulika kila moja kwa tochi, ndipo akaanza kuyaziba kwa risasi. Kipimo chetu kilikuwa kidogo, hakikufika hata nusu ya ganda. Ukimimina mara mbili hakimwagiki, na ukishaziba huoni kitu. Hata mizani haikwambii kweli, maana risasi za kumimina kwa mkono hazilingani uzito. Na ganda moja la namna hiyo linatosha kuipasua bunduki usoni mwa mpigaji.

Jicho la kushoto la mzee lilishafunikwa na mtoto wa jicho. Alitegemea la kulia tu, na nalo lilianza kuchoka. Jumamosi moja alishindwa kusoma mizani, akaniwekea kijiko cha baruti mkononi. "Leo wewe," akasema. "Tia hamsini, za siku ya wageni klabuni wiki ijayo. Mimi naenda kulala kidogo." Wallahi nilivimba kichwa! Nikaona mambo ya ubao na tochi ni kupoteza wakati tu. Nikawa najaza ganda moja, naliziba hapo hapo, nashika jingine. Kazi ilikwenda mbio, nami nikajiona bingwa.

Katikati ya kazi mlango ukafunguliwa, akaingia mama, mkewe mzee, na sinia ya chai. Sasa mie nimelelewa Unguja. Mtu mzima akiingia, unasimama. Nikaweka vyote mezani, nikasimama. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu." Habari za nyumbani, nzuri. Mama yako Unguja hajambo? Hajambo, anakusalimu. Na miguu, mama, bado inauma? Ee, hii baridi, mwanangu. Na binti? Anachoka, ile kazi ya duka la dawa ni kusimama tu kutwa. Tulizungumza mpaka chai ikapoa. Alipotoka nikakaa, bado natabasamu, nikatia baruti, nikaziba, nikaendelea.

Niko kwenye basi narudi Woolwich, ikanijia. Mama alipofungua mlango, kijiko kilikuwa kitupu mkononi mwangu. Maana yake nilishatia, na nilipokaa nikatia tena ganda lile lile. Au nilikuwa bado sijachota? Nilijaribu kukumbuka mpaka nikapitishwa kituo changu.

Wiki nzima nikawa nashika simu naiweka. Nitamwambia nini mzee wa watu? Kwamba siku ya kwanza kuniamini nilitupa kanuni yake na kuanza kupiga soga? Nikajiambia huenda sikukosea. Nikajiambia hamsini ni nyingi, huenda hata asizimalize. Kila nilipojiambia hivyo nililiona jicho lake la kulia, nikasikia aibu, na bado sikupiga simu.

Siku ya wageni ikafika. Wote watatu walikuwepo, mzee kavaa kilemba kipya. "Leo sianzi mimi," akasema. "Aanze binti. Hii bunduki ya babu yake, hajaigusa hata siku moja." Yule dada akaketi kwenye meza ya kupigia kwa uangalifu, kumfurahisha babake tu. Akatia risasi, akavuta mkono wa chuma, akaurudisha, akalaza shavu kwenye kitako.

"Usipige!" Nilipiga ukelele uwanja mzima ukageuka. Binti siku zote alinijibu kwa Kiingereza, lakini Kiswahili alikisikia vizuri. Akatoa kidole kwenye kifyatulio. Mzee akaitoa risasi ndani ya bunduki, nami nikasema yote pale pale mbele za watu.

Tulirudi bandani. Mzee akanipa kinyundo cha kung'olea risasi kwenye maganda, akakaa kando yangu. Nikazivunja moja moja, yeye akiipokea baruti kwenye kisahani. Zilipobaki kama kumi hivi, mojawapo ikamwaga baruti mara mbili ya wenzake. Mzee alikisogeza kisahani karibu na uso, akaitazama kwa jicho la kulia.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu jioni ile, mzee. Kwenye basi."

"Na leo, kama ningeketi mimi pale, si binti?"

Ningeweza kudanganya. Nilimheshimu mzee huyu kuliko mtu yeyote London, na heshima hiyo hiyo ndiyo niliyoifanya kisingizio cha kumwacha aende akapofuke mbele yangu.

"Ningenyamaza, mzee."

Akaitikia kwa kichwa, akafuta kisahani kwa kitambaa. Hakunitukana. Nilikaa pale nikiomba anitukane.