Bi Minna Anauza Fleti

Barua ya bodi ilikuwa na mistari miwili. Wa kwanza ulimshukuru Bi Minna Zelnick kwa subira yake. Wa pili ulisema kwamba ombi la mnunuzi wake halikukubaliwa. Sababu haikutajwa. Chini palikuwa na sahihi ya mwenyekiti, Bwana Graham Tillinghast, kwa wino wa bluu, yenye mikia na madaha.

Bi Minna alinigongea mlango akiwa na barua hiyo. Tulikuwa majirani wa mlango kwa mlango kwa miaka ishirini na miwili, ghorofa ya tano, katika jengo letu la matofali huku kaskazini mwa Manhattan, na sikuwahi kumwona akiingia kwangu bila salamu. Siku hiyo alinisogezea karatasi kabla hata ya kunisalimu. Nilidhani amefiwa.

"Soma," akaniambia. "Halafu uniambie, mimi ndiye nimekuwa mjinga uzeeni, au hawa watu ndio hawana haya?"

Jengo letu ni la ushirika. Unachonunua hasa ni hisa, na hisa ndizo zinazokupa haki ya kuishi katika fleti yako. Ukitaka kuuza, mnunuzi wako hupelekwa mbele ya bodi ya watu watano. Wanapekua karatasi zake za kodi na za benki, wanasoma barua za wanaomdhamini, kisha wanamwita kumhoji. Mwaka mmoja waliomba hata kumwona mbwa wa mtu mmoja. Wakikukataa, umekataliwa, na hakuna anayelazimika kukwambia kwa nini.

Sasa, kilichomuuma Bi Minna ni kwamba ushirika huo aliuanzisha yeye.

Alikuwa karani wa kuuza tiketi za treni za chini ya ardhi, ndani ya kile kibanda cha vioo, kwa miaka thelathini na mmoja. Alihamia hapa na mumewe Saul wakiwa vijana, wapangaji tu. Miaka ya sabini ilipokuwa inaisha, mwenye nyumba alikimbia. Hakuuza, hakuaga, aliacha tu kununua mafuta ya boila, mtambo unaopasha jengo joto, na watu wakapitisha majira ya baridi wakipika na makoti mwilini. Nusu ya wapangaji walihama. Bi Minna akaenda mlango hadi mlango na daftari, akawakusanya waliobaki, wakachanga pesa za mafuta wao wenyewe, wakaenda mahakamani mara kumi na nne, na mwisho wakalinunua jengo lililokuwa halitakiwi na mtu. Saul alifariki mwaka uliofuata. Bi Minna hakuwa na mtoto. Alibaki na jengo.

Ila goti halina heshima. Alipofikisha miaka sabini na minane, lifti yetu ilikuwa inaharibika kila mwezi, naye akakubali kwenda kuishi na dadake Frieda kule Paterson, kwenye nyumba isiyo na ngazi. Akamwita dalali. Dalali akaandika tangazo lenye maneno matamu: fleti iliyojengwa kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, dari ya juu, sakafu ya mwaloni, kuta nene. Bi Minna alinisomea kwa sauti, akacheka. "Kuta nene. Mbona nakusikia wewe ukipiga chafya?"

Waliokuja kuiona walikuwa wengi. Mmoja aliyekuja alikuwa Yudelka Peguero.

Yudelka alizaliwa katika jengo hili hili, kule chini kabisa, kwenye vyumba viwili vilivyo karibu na boila, kwa sababu babake, marehemu Eusebio, alikuwa msimamizi wa jengo. Kwa miaka ishirini na sita Eusebio ndiye aliyezibua sinki zetu, akakwangua barafu mlangoni kabla hatujaamka, akapandisha mizigo yetu. Bintiye alisoma, akawa mpiga eksirei hospitalini, akaolewa na Wilmer, fundi wa mabasi ya jiji. Walikuwa wameweka akiba kwa miaka tisa. Benki ilikuwa imeridhika nao. Alipoingia sebuleni kwa Bi Minna akasimama katikati. Kisha akauliza kama yale mabomba ya joto bado yanapiga kelele asubuhi. Bi Minna akamwambia yanapiga. "Basi naitaka," Yudelka akasema.

Na huyo ndiye aliyekataliwa.

Jioni ile Bi Minna alimpigia simu, akamuuliza walimhoji nini. Yudelka hakutaka kusema. Alibembelezwa hadi akasema. Waliwauliza yeye na Wilmer kama ndugu zao wana tabia ya kuja kukaa. Waliwauliza kama wanapenda muziki wa sauti kubwa. Kisha Bwana Tillinghast akatabasamu, akamuuliza: kwa kuwa amekulia chini, ana hakika atajisikia nyumbani akiishi juu?

"Ukamjibu nini?" Bi Minna akauliza.

"Nilimwambia ngazi nazijua, nilikuwa nazipiga deki na baba."

Bi Minna alikata simu, uso umemwiva. Bwana Tillinghast alikuwa amehamia kwetu miaka sita iliyopita. Alikuwa mtu wa sauti ya chini na viatu safi, aliyebadilisha taa za ukumbi wa chini na kutuwekea kanuni kuhusu rangi ya mapazia. Hakuwahi kumwona Eusebio. Hakuwahi kujua baridi ya jengo hili. Lakini kiti cha kuamua nani aingie alikuwa amekikalia yeye.

Dalali alimshauri Bi Minna aachane na jambo hilo, wanunuzi wapo foleni. Bi Minna alimjibu kwamba foleni anaijua kuliko yeye, amekaa mbele ya foleni miaka thelathini na mmoja, na hajawahi kumrudisha mtu mwenye nauli.

Akatoa katiba ya ushirika kwenye kabati. Ilisema wenye robo ya hisa wanaweza kuitisha mkutano maalumu na kupiga kura ya kuwaondoa wajumbe wa bodi. Kesho yake akaanza kukusanya sahihi, mlango wangu ukiwa wa kwanza.

Nami nitasema ukweli, kwani nisiposema simulizi hii haitakuwa na maana. Sikutia sahihi. Nilikuwa naomba kibali cha bodi cha kubomoa bafu langu nilijenge upya, na fomu yangu ilikuwa mezani kwa Bwana Tillinghast. Nikamwambia Bi Minna kwamba namuunga mkono moyoni, ila anipe wiki mbili.

Alinitazama. "Eusebio alipokuja kukutolea panya chini ya beseni la kuogea, Jumapili, umepanda juu ya kiti, alikwambia umpe wiki mbili?"

Akageuka, akaenda mlango wa pili kwa fimbo yake. Nilifunga mlango nikajiona mchafu. Kabla hajamaliza ghorofa yetu nilimfuata, nikamwomba kalamu. Alinipa bila kunitazama.

Ilimchukua siku kumi na moja. Lifti iliharibika siku ya tatu, akapanda kwa miguu, akipumzika kila ghorofa kwenye kiti nilichombebea. Wengine walimfungulia kwa chai na mkate wa mdalasini. Wengine walimsemesha mnyororo ukiwa bado mlangoni. Bwana mmoja kijana wa ghorofa ya pili alimwambia kwamba bodi kali hupandisha thamani ya fleti zetu sote, yeye Bi Minna akiwemo. Bi Minna alimuuliza kama angetaka kupitishwa katika bodi hiyo leo, pamoja na yale madeni yake ya chuo. Kijana akatia sahihi, ingawa kwa kununa.

Mkutano ulifanyika Jumapili alasiri ukumbini chini, kila mtu na kiti chake kutoka nyumbani. Bwana Tillinghast alisimama na kusema kwa upole kwamba bodi imefuata sheria, na sheria hailazimishi kutoa sababu. Akasema anamheshimu sana Bi Minna na anaelewa kwamba kuhama ni jambo la hisia.

Bi Minna hakusimama, goti lilikuwa limekataa.

"Sina hisia, bwana mwenyekiti, nina swali," akasema. "Nauliza hivi, mbele ya watu. Mlimkataa binti Peguero kwa nini?"

"Hatulazimiki kujibu."

"Najua hamlazimiki. Kifungu hicho nilikipiga chapa mimi, kwa mashine ya ofisini kwetu. Tulikiweka ili yule mwenye nyumba aliyetutesa asije kujipenyeza tena kwa mlango wa nyuma. Hatukukiweka ili mtoto wa mtu aliyetuzolea takataka azuiwe kuwa jirani yetu."

Mjumbe mmoja wa bodi, mama wa ghorofa ya saba, akaanza kulia, akasema kwamba yeye alipiga kura ya kuwakubali na aliambiwa asiseme. Hapo ndipo kelele zilipoanza, watu wazima wakinyoosheana vidole kama wako sokoni.

Tulipiga kura. Hisa zikahesabiwa mara mbili. Bwana Tillinghast na wenzake wawili waliondolewa kwa tofauti ya hisa kumi na moja. Alikunja karatasi zake, akatutakia jioni njema, akapanda ngazi bila kusubiri lifti.

Bodi mpya ilimwandikia Yudelka wiki ile ile, ikaomba radhi na kumwambia fleti ni yake akiitaka. Bi Minna alioka keki. Yudelka alikuja, akala kipande, akamshika mkono.

"Bi Minna, nakushukuru kama mama yangu. Lakini hatuji. Tumepata nyumba Yonkers, nje ya jiji, tumeshaweka sahihi."

"Mwanangu, wale wamekwenda."

"Wameacha kuwa bodi. Bado wanaishi humu. Nitakutana nao kwenye lifti kila asubuhi, na kila asubuhi nitakuwa najiuliza nani alinyoosha mkono kunikataa. Baba aliwainamia watu humu miaka ishirini na sita. Sitaki watoto wangu waanze na kujieleza."

Bi Minna alimfungia keki iliyobaki, akamsindikiza hadi chini.

Fleti aliinunua mwalimu mmoja wa shule, mwanamke mpole mwenye paka wawili, aliyehojiwa kwa dakika kumi. Bodi sasa inatakiwa kuandika sababu kila inapokataa mtu. Watu walimpongeza Bi Minna, wakasema ameshinda. Siku gari la mizigo lilipokuja nilimwambia hivyo hivyo, nikidhani nampoza.

"Nimeshinda nini?" akaniuliza, akifunga vifungo vya koti. "Mtoto wa Eusebio yuko Yonkers."

Bwana Tillinghast alikuwa kwenye masanduku ya barua. Alimwamkia, akamtakia kila la heri. Bi Minna alimpita bila kugeuza shingo, akatoka nje, akanikabidhi fimbo yake nimshikie, akaingia garini.